Tezi Dume si Jina la Maradhi

Siku hizi ikisemwa kwamba fulani "ana tezi dume", wasikilizaji hutikisa vichwa kwa huruma. Ajabu ni kwamba kila mwanamume huzaliwa nayo. Tezi hiyo ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kinachouzunguka mrija wa mkojo. Maradhi ni mengine: tezi yaweza kuambukizwa viini, yaweza kutanuka kwa sababu ya umri, na yaweza kupatwa na saratani. Lugha yetu ya kila siku imeyafumbata yote hayo katika jina moja, na kosa hilo linawaponza wazee wetu.

Nayasema haya kwa sababu ya dawa za Ayurveda zinazouzwa mijini kwa ahadi ya "kuondoa tezi dume". Waama, Ayurveda si ubabaishaji wa vichochoroni. Ni elimu ya tiba ya Bara Hindi iliyoandikwa tangu kale kwa Kisanskriti, na mwaka 2014 serikali ya India iliiundia wizara pamoja na tiba nyingine za jadi. Kitabu cha Sushruta kina sura kuhusu mutraghata, yaani kuzuilika kwa mkojo, na kinataja aina 12. Mojawapo ni vatashthila, uvimbe mgumu mithili ya jiwe unaoziba njia ya haja. Wataalamu wengi wa Ayurveda wa leo huulinganisha uvimbe huo na kutanuka kwa tezi dume, nao huutibu kwa mimea kama vile varuna, punarnava na gokshura. Huo wa mwisho ndio mbigili wetu, ule wenye miiba inayochoma nyayo.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mutraghata ni jina la dalili, wala si la chanzo. Sushruta hakuwa na kipimo cha damu wala hadubini. Muuzaji wa leo hana udhuru huo. Mkojo unaotoka kwa kusitasita, au unaomwamsha mzee mara nne usiku, waweza kutokana na utanuzi usio wa saratani, ambao huwapata takriban nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 51 hadi 60. Waweza pia kutokana na jambo zito zaidi. Unga wa mitishamba hauwezi kuyapambanua hayo.

Aidha, tafiti kuhusu mimea hiyo ni chache, na nyingi zilihusisha wagonjwa wachache. Usalama nao si wa kuchukuliwa hivi hivi. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. "Cha asili" si kisawe cha "salama".

Ami yangu mmoja alikunywa unga wa namna hiyo mwaka mzima. Hakutuambia, kwani aliona haya kulitaja tatizo lenyewe mbele ya watoto. Usiku mmoja mkojo ulifunga kabisa. Hospitalini aliwekewa mpira, na vipimo vikaonyesha kuwa figo zilikuwa zimeanza kudhurika. Tezi yake ilikuwa imetanuka tu, haikuwa na saratani. Angalienda mapema, huenda vidonge vya kulegeza misuli ya shingo ya kibofu au vya kuipunguza tezi vingalitosha.

Simkatazi mtu mitishamba ya mababu zake wala ya Wahindi. Ninachoomba ni utaratibu: kwanza apimwe, ajue jina kamili la maradhi yake, kisha amweleze daktari kila anachokunywa. Sisi walimu wa lugha, pamoja na wanahabari, tuna wajibu wa kusema "kutanuka kwa tezi dume" au "saratani ya tezi dume", bila kufupisha. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba asiyeyajua maradhi yake kwa jina amekwisha kuyaficha, hata kama anayatangaza sokoni.