Mu filamu « Augure », tuliogopa nani?

Siku ya posho iliyopita tulikaa karibu watu makumi tatu mu lupango moja hapa Kasungami, mbele ya televizyo na jenereta, kutazama filamu ya Baloji inayoitwa « Augure ». Wanaume wa kazi ya usiku walikuwa hawajaondoka, bamama walileta viti na karanga, batoto walifukuzwa, wakarudi. Filamu ilitufikia namna gani mu flash, tusiulizane. Tulitazamia kitu kama zile filamu za Nigeria: nyoka inatoka mu kitanda, pasta anapiga kelele, muloji anaanguka. Haikuwa hivyo. Hata hivyo, usiku ule watu wazima walisindikizana ku choo.

Baloji alizaliwa hapa Lubumbashi mu 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mutoto, na alijulikana kwanza kama muimbaji. (Si Sammy Baloji, mupiga picha, wengi wanawachanganya.) Jina lake, kila mutu wa Katanga analisikia vile linavyosema. Mutu aliyebeba jina la namna hiyo tangu kuzaliwa hana haja ya kwenda mbali kutafuta hadithi ya kuogopesha. Filamu aliitengeneza hapa kwetu na Kinshasa, na ndani yake watu wanasema Kifaransa, Kiswahili na Lingala. Mu 2023 ilipata zawadi ya Nouvelle Voix ku Cannes, mu sehemu ya Un Certain Regard. Kisha Ubelgiji ikaichagua iende kuisimamia ku Oscar. Ubelgiji, si Kongo.

Hadithi yenyewe ni hii. Koffi, anayechezwa na Marc Zinga, mutoto wa Likasi, anarudi kutoka Ulaya na muchumba wake Alice, muzungu mwenye mimba. Anataka kutoa mahari na kupata baraka ya baba. Alizaliwa na alama ku uso, na juu ya alama hiyo jamaa yake ilimuita zabolo, mutoto wa shetani. Mama yake mwenyewe alimutenga. Sasa anafika mu lupango, anasalimia kwa Kiswahili alichojifunza tena, kila mutu anamutazama pembeni. Wanamupa mutoto muchanga wa dada yake ashike. Pua yake inatoka damu. Damu inaanguka juu ya mutoto.

Hapo mu lupango yetu hakuna aliyetafuna karanga tena.

Hakuna muziki mukubwa, hakuna muzimu. Ni damu ya pua tu, kitu kinachopata mutu yeyote mu joto la mwezi wa kumi. Lakini unaona uso wa mama mukubwa unabadilika, unaona mikono inamunyanganya mutoto, na unajua kitakachofuata, juu umekwisha kuona nyuso hizo. Mama mumoja nyuma yetu alisema kwa sauti, kabla ya mutu yeyote mu filamu kusema: « Njo yeye. Tangu zamani njo yeye. » Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mu filamu wanamupeleka kumutakasa, wanamufunga kinyago cha mbao ku kichwa na kupigilia misumari. Tulisikia kila nyundo.

Sisi tunaona nguvu ya filamu hii iko pale. Filamu nyingi za woga zinakuonyesha muovu ili wewe mutazamaji ulale vizuri: ni yule, si mimi. Baloji hakutupa muovu. Mujila, mama ya Koffi, tulimuchukia saa nzima. Kisha sehemu ya mwisho inakuwa yake, tunamuona na machungu yake, na hatujui tena chuki yetu tuiweke wapi. Watu wane wa hadithi hii, Koffi, Paco mutoto wa barabara, Tshala dada ya Koffi, na Mujila, wote wamebandikwa jina lile lile. Wanaobandika ni watu wa kawaida wanaokula bukari ku meza moja.

Na baba? Baba iko ku mine. Kila mara wanauliza, jibu ni lile. Filamu yote inazunguka kiti chake kitupu. Wanaume wa Kasungami walitikisika hapo, tuliwaona. Nyumba ngapi kwetu zinaongozwa na mutu asiyekuwapo, aliyelala ku carrière au ku kambi ya kampuni, na maneno ya nyumbani yanaamuliwa na wanaobaki? Kambo zetu walituogopesha na mutumbula, anayekamata watu usiku kwa faida ya wakubwa wa kazi. Ile hadithi angalau ilielekeza kidole ku kazi. Leo shimo likianguka, mushahara ukikosa, kidole kinarudi nyumbani, kinatafuta mwenye kimo kifupi. Tunakumbuka mu 2003, Gécamines ilipoachisha wafanyakazi zaidi ya 10 000 kwa kile walichoita « départs volontaires »: mu malupango mengi watu walianza kuuliza nani alileta bahati mbaya, na jibu mara nyingi lilikuwa mutoto.

Tuseme na yetu. Kisha kilio kimoja, tulikaa mu mukutano wa jamaa, na mutu akataja kijana wa miaka tisa. Baba yake alikuwa amekufa ku kazi. Hatukumutaja sisi. Lakini tulikuwa pale, tulikunywa munkoyo yetu, tukanyamaza, na kijana akapelekwa mbali kwa kambo yake. Tulijua sheria? Wengine walijua. Constitution ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto buloji. Sheria n° 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka mumoja mpaka mitatu, na amande ya faranga 200 000 mpaka 1 000 000. Hakuna mutu aliyeitaja mu mukutano ule. Ilikuwa rahisi kunyamaza, na ule urahisi njo tulioutambua siku ya posho mbele ya televizyo.

Si kila kitu kilitupendeza. Hadithi ya Paco na kundi lake, vijana waliovaa magauni ya rangi ya waridi, ni nzuri kwa macho, lakini inakata uzi wa Koffi wakati tunautaka zaidi. Mavazi ni mengi. Mara nyingine uzuri unafukuza woga. Na mine yenyewe tulitaka kuingia ndani yake, tukaachwa ku mulango.

Kisha, asubuhi ya siku ya yenga, tulisikia kwamba mutumishi mumoja wa kanisa amewaambia watu filamu hii inaita mapepo mu nyumba. Tunamuheshimu, lakini hakuiona. Mapepo tuliyoyaona sisi yalikuwa na sura za wajomba na bashangazi, na yalikuwa yamefika mbele ya filamu.

Umeme wa jenereta ulikatika dakika chache kabla ya mwisho, mafuta yalikwisha, na watu waliondoka wakibishana nani mwenye kosa. Siku ya posho inayokuja tunaionyesha tena toka mwanzo, saa kumi na mbili ya magaribi, lupango ile ile. Kila mutu alete kiti chake na kitu kidogo cha mafuta. Kambo ya yule kijana tumemupigia simu. Amesema atakuja naye, kama njia itakuwa muzuri. Tumemuwekea kiti cha mbele.