Mpaka wa Bahari na Mpangaji Asiye na Kosa



Huku Terrat kesi ya shamba huanza na hatua mbili tatu. Jembe linavuka mstari wa minyaa, na kabla ya mavuno majirani hawasalimiani. Wakifika kwa balozi au baraza la kata, mara nyingi yanaisha. Lakini sisi mafrateri tunaotembelea jumuiya tumeona baya zaidi: mwenye shamba, akiwa na hasira, anamwambia mpangaji wake afungashe virago kwa kuwa tu ni ndugu wa yule jirani. Mpangaji hakung'oa mnyaa hata mmoja.

Tulimkumbuka mpangaji huyo tuliposoma shauri la Somalia na Kenya. Mwaka 2014 Somalia ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ikitaka bahari igawanywe kwa mstari wa katikati. Kenya ilitaka mstari uende mashariki moja kwa moja kufuata latitudo, kama ule iliokubaliana na Tanzania kwa hati za 1975 na 1976 bila kumsumbua jaji yeyote. (Kwa hiyo nasi tumo: majaji waliona Kenya inabanwa kati ya Somalia na Tanzania, wakausogeza mstari wa katikati kaskazini kidogo.) Hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021. Sehemu kubwa ilikwenda Somalia, na Kenya ikaikataa.

Sasa turudi Machi ya mwaka huohuo. Vikao vilianza tarehe 15, Kenya ikavisusia. Tarehe 24, serikali yake ikalipa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi siku 14 kuleta mpango wa kufunga kambi za Dadaab na Kakuma. Sababu iliyotajwa ni usalama, na baada ya watu 148 kuuawa Garissa Aprili 2015, asiwepo wa kuibeza hofu hiyo. Hatusemi kwamba bahari ndiyo iliyowaponza wakimbizi. Tunasema kwamba mama aliyezaa Dadaab, kambi iliyoanza 1991, hana kauli juu ya latitudo, na hapaswi kulala akijiuliza serikali mbili zimeamkaje.

Sheria ililiona hili mapema. Mkataba wa 1951 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unaongeza neno ambalo kwetu ni zito: kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, wala nchi nyingine isilihesabu kuwa uadui. Kama kupokea si uadui, basi kufukuza kusiwe fimbo ya kumchapia jirani.

Tusiwanyooshee Wakenya kidole peke yao. Desemba 1996 nchi yetu iliwaambia wakimbizi wa Rwanda waondoke kabla ya mwaka kwisha, na maelfu kwa maelfu wakavuka Rusumo. Sisi tunaohubiri kila Noeli juu ya Familia Takatifu kukimbilia Misri, siku zile tulihubiri nini?

Na mpaka wetu na Malawi katika Ziwa Nyasa bado unabishaniwa. Siku mabishano hayo yakipamba moto, Mmalawi anayeuza samaki Kyela atakuwa bado mpangaji tu.