Kamera ya Mamilioni, Sura ya Plastiki

Kuna mrembo mmoja wa Bongo Muvi, jina kapuni, kila wiki anatupia picha mpya Insta. Ngozi imelainishwa mpaka pua haionekani, na weusi wake mzuri umegeuzwa maziwa. Mashabiki wakipishana naye Mlimani City hawamtambui!

Mpiga picha wake naye kakopa hela kanunua bodi ya bei mbaya, lakini lenzi ni ile ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Hapo ndipo hela inapopotea. Lenzi ya 50mm f/1.8 ni bei poa, inaingiza mwanga mwingi na kuzima vurugu za nyuma. Halafu apige RAW badala ya JPEG, uso mweusi uliopigwa kivulini unainuliwa taratibu bila kuharibika. Na jua la saa kumi na moja jioni halina malipo.

Kuhariri je? Snapseed ni bure, Lightroom ya simu nayo ina toleo la bure. Kanuni ni moja tu: chunusi futa, wiki ijayo haipo. Kovu na rangi acha, ndiyo sura yenyewe.

Maana huku mtaani kuna mabinti wanapaka krimu za kujichubua, wanaharibu ngozi kwa kufukuzia rangi ambayo hata staa mwenyewe hana. Ni ya programu!

Wadau mnasemaje, huyu dada aambiwe au aachwe? Shusheni komenti hapo chini, matusi hapana.