Mwalimu Huondoka, Somo Hubaki

Wazee wa Tukuyu wanajua kuwa mji wao uliwahi kuwa na jina jingine. Wajerumani walipotawala Rungwe waliuita Neu Langenburg. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa, na jina lao likaondoka nao. Jumapili hii nataka tumkumbuke Mjerumani wa namna nyingine, aliyefika nchini mwetu mwaka 1981 kufundisha kandanda.

Huyo ni Rudi Gutendorf. Alizaliwa Koblenz mwaka 1926, akaichezea TuS Neuendorf ya mji huohuo, kisha akashika kazi ya ukocha. Katika msimu wa 1963/64, wa kwanza wa Bundesliga, aliiongoza Meidericher SV ya Duisburg hadi nafasi ya pili. Kwa jinsi alivyofunga lango lake kwa walinzi, Wajerumani wakambandika jina la Rudi wa Komeo.

Baadaye akawa msafiri asiyechoka. Chile, Australia, Ghana, Nepal, Fiji, China: kote huko alifundisha timu za taifa. Taifa Stars aliipokea mwaka mmoja tu baada ya kucheza fainali za Mataifa ya Afrika kule Nigeria mwaka 1980. Hakudumu nayo, na sisi fainali hizo hatukuzifikia tena hadi mwaka 2019. Mwaka huohuo mzee Gutendorf alifariki, akiwa na umri wa miaka 93.

Tumlaumu? Hasha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akishaaga, ni juu ya mwenyeji kuitunza dawa aliyoachiwa.

Watu wa Rungwe wanalifahamu jambo hili. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa mvua, chai na migomba, iliwapita Simba na Yanga ikatwaa ubingwa wa Tanzania. Hata hivyo, taji halikurudi tena Tukuyu. Furaha ya msimu mmoja, kama ilivyo ziara ya kocha mgeni, haitoshi kulea mchezo. Mchezo hulelewa na anayebaki nyumbani, akiwafundisha watoto mwaka hadi mwaka.

Na afundishe nini? Gutendorf alitoa jibu katika uzee wake. Mwaka 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari, alikwenda kuifundisha timu ya taifa ya Rwanda. Humo Wahutu na Watutsi walivaa jezi moja. Ili washinde, iliwapasa kupeana mpira. Na mtu hampi mpira asiyemwamini. Kazi ile haikuleta kombe la kuwekwa kabatini, lakini yeye aliithamini sana.

Basi, mzazi mwenzangu, mwanao akirudi jioni na tope magotini, usiwe mwepesi wa kumfokea. Muulize kwanza ni nani anayemfundisha. Kisha siku moja fika uwanjani, umshike mkono mwalimu huyo na umuulize amepungukiwa na nini. Huenda ni mpira mmoja tu. Yeye hatapanda ndege kesho kwenda nchi nyingine. Ndiye tuliye naye.