Ni Nani Aliyemwua Willy Loman?

Wako wasemao kwamba Willy Loman, yule mchuuzi katika mchezo wa Arthur Miller uitwao Death of a Salesman, aliuawa na tajiri wake. Tangu mchezo huo ulipochezwa kwanza New York, tarehe 10 Februari 1949, wengi wameusoma kana kwamba ni hati ya mashtaka juu ya wenye makampuni peke yao. Sisi hatukubali.

Hatia ya tajiri hatuikani. Loman ni mzee wa miaka 63. Ameitembezea kampuni bidhaa zake zaidi ya miaka 30, kisha mshahara wake waondolewa, aachiwa ushuru wa mauzo tu kama mtu aanzaye kazi jana. Aendapo kuomba asisafirishwe tena, Howard amsikilizisha kwanza sauti za watoto wake katika mashine mpya aliyoinunua, halafu amfukuza. Ni aibu tupu.

Lakini twauliza: je, Howard ndiye aliyemfundisha Biff wizi? Kijana alipochukua mpira wa shule pasipo ruhusa, baba yake alicheka, akasema kwamba mwalimu wa michezo atamsifu kwa ari yake. Baba huyo huyo aliwatuma wanawe wakachote mchanga katika jengo la watu, apate kutengeneza baraza ya nyumba yake. Na jirani yao Charley alipomwonya, yeye alijivunia ushujaa wao. Biff, alipofika umri wa miaka 34, alikuwa amekwisha kuonja gereza kwa suti aliyoiiba. Na habari ya hesabu je! Bernard, mwana wa Charley, alimsihi Biff ajifunze kabla ya mtihani; Loman aliona yatosha Bernard ampe majibu, maana mwanawe ana sura nzuri na watu wampenda. Biff aliposhindwa, lawama ilimwangukia mwalimu. (Sisi tushikao chaki twaijua lawama hiyo.)

Hapo ndipo penye sumu. Wengine hudai ya kuwa Miller ameilaani ndoto yote ya Wamarekani, kwamba mtu wa chini aweza kupanda kwa juhudi yake. Kama ni hivyo, Bernard amewekwa mle kwa nini? Alisoma, akawa wakili, na siku ile ile Loman afukuzwapo, yeye yu safarini kwenda kutetea kesi mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, wala hajigambi. Loman hakuiota ndoto hiyo. Aliota kupendwa, akadhani kupendwa ni mtaji.

Litusikitishalo zaidi ni mikono yake. Alikuwa fundi hodari wa saruji na mbao, lakini ufundi huo hakuuhesabu kuwa kazi. Charley alipotaka kumwajiri kwa dola 50 kwa juma alikataa kwa kiburi, ingawa alikuwa akikopa kwake kiasi kile kile na kumwambia mkewe kuwa ndio mshahara.

Basi akajiua kwa motokari, ili Biff apate dola 20,000 za bima, fedha ambazo Biff hakuziomba. Alitazamia umati mazikoni. Walikuja watano, mkewe na wanawe wawili, na Charley na Bernard. Deni la nyumba, la miaka 25, Linda alilimaliza siku hiyo hiyo. Biff akumbuka baraza aliyoijenga baba yake. Happy, mwana wa pili, asimama penye kaburi akiapa kuifuata ndoto ile ile.