Kikombe cha Maziwa



Nilipokuwa seminari ndogo, kila Jumapili tulipewa kikombe cha maziwa, na kila Jumapili tumbo lilinisokota hadi jioni. Mlezi mmoja aliniita mwenye madeko. Nami nilimsadiki.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Sarah Tishkoff, mwanasayansi Mmarekani ambaye maisha yake ya kazi ameyatumia kuchunguza vinasaba vya Waafrika. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walikuwa wametambua badiliko la kinasaba linalowawezesha Wazungu wengi kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, hata wakiwa watu wazima. Lakini wafugaji wetu, wanaoishi kwa maziwa, kwa sehemu kubwa hawakuwa na badiliko hilo. Je, walikunywaje?

Tishkoff, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Maryland, hakutafuta jibu mezani. Yeye na wenzake, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, waliwaendea watu wenyewe. Mtu alikunywa laktosi iliyoyeyushwa majini, kisha akachomwa kidole mara kwa mara. Sukari ya damu ikipanda, mwili umeimeng'enya. Walipima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la Nature Genetics: mabadiliko matatu, yote tofauti na lile la Ulaya, na yaliyoenea upesi katika muda wa miaka 7,000 hivi iliyopita, pamoja na ufugaji.

Kumbe Mmasai hakuazima tumbo la Mzungu! Na asiyemeng'enya maziwa ukubwani si mgonjwa, wala si mdekaji. Watu wazima wengi duniani wako hivyo.

Nampongeza mama huyu kwa sababu alikataa kuwapima watu kwa kipimo kilichokatwa kwa wengine. Hata hivyo nina neno kwa watafiti wote: aliyetoa damu yake chini ya mgunga ana haki ya kuelezwa, kwa lugha yake, kilichoonekana ndani yake. Jarida la Kiingereza halimfikii.

Kamati ya chakula ya semina ya vijana, nawaomba Jumamosi pawepo uji pia. Atakayekataa maziwa asiulizwe mara mbili.