Dagaa wa Kigoma wanapungua: si wavuvi peke yao, ni joto la maji pia

Ukiuliza mnadani Kibakwe kwa nini dagaa wa Kigoma wamepanda bei, utaambiwa ziwani mzigo ni mdogo. Lawama huwaangukia wavuvi. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Lakini uvuvi ni nusu tu ya habari.

Dagaa hula vidudu vidogo vya majini. Vidudu hivyo hula mimea midogo mno inayoelea majini, ambayo wataalamu huiita fitoplanktoni. Kama mahindi shambani, mimea hii inataka jua na mbolea. Jua liko juu, mbolea imelala chini gizani, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470 hivi.

Anayeipandisha mbolea ni upepo wa kusini-mashariki, unaovuma kati ya Mei na Septemba na kuyakoroga maji. Ila maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Yakishakaa hivyo, upepo hafifu hauyachanganyi. Na kwa kuwa mimea hii huishi siku chache tu, joto lisilotarajiwa huipunguza upesi.

Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walikadiria kuwa uzalishaji wa mimea hiyo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na samaki huenda kwa asilimia 30. Mwaka 2016 wengine walichunguza matope ya chini ya ziwa, wakakuta mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa hata magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, mimea ya aina hii ilipungua kwa hadi asilimia 20 katika miaka 60.

Je, kufunga ziwa ni kazi bure? Hapana. Mfugaji anajua: ukiyapumzisha malisho, nyasi hupona, lakini mvua ndiyo inayoziotesha. Kufunga ziwa huwaachia samaki wazazi, hakuwaongezei chakula. Kwa hiyo, pamoja na kuhesabu nyavu na mitumbwi, joto la maji na upepo vipimwe kila msimu, na mvuvi aambiwe mapema. Asipoambiwa, atalaumiwa kwa samaki ambao hata hawakuzaliwa.